Kuzima Kutoka Ndani

Kwa miaka tisa nilikuwa na mtu mmoja tu wa kuniambia "nipo", naye aliniambia mara moja kwa wiki, Ijumaa, kwenye saa saba mchana, kwa simu, huku akitafuna njugu. Sitii chumvi. Sikuoa. Nilichumbia mara moja, uchumba ukavunjika, na waliouvunja sitawataja maana hadi leo nikiwakumbuka damu inanichemka. Mama yangu alishatangulia. Nina chumba changu Magomeni, uani kuna majirani wema tu, tunasalimiana "mambo", "poa", kisha kila mtu na mlango wake. Poa! Hilo nalo ni jibu la mtu mzima mwenye mvi? Lakini ndilo ninalojibu.

Ninachotaka kusimulia ni jinsi nilivyokaribia kuipoteza ile "nipo", na ujinga nilioufanya ili nisiipoteze. Ulikuwa ujinga hasa, na aliyelipia kwanza hakuwa mimi.

Nianze na kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu mpaka sasa wanadhani natengeneza redio. Kampuni yetu inakodisha seva kwa wenye maduka wa Kariakoo. Seva ni kompyuta ya kutunzia mambo ya duka: mzigo uliopo, mzigo uliotoka, picha za bidhaa, barua. Sasa mwenye duka hana haja ya kununua kompyuta nzima. Chukua nyumba ya Kiswahili kama za kwetu Magomeni: nyumba moja, ukumbi katikati, vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake na kufuli lake. Na huku ni hivyo hivyo. Kompyuta moja kubwa, ndani yake kompyuta kumi na mbili zisizo na mwili wao, na kila moja inajiona iko peke yake duniani. Ile kubwa tuliiita mashine mama, na zile za ndani tukaziita wapangaji.

Mpangaji akianza kujivuta, akawa mzito, dawa yake ni kumwasha upya. Kuna njia mbili. Ya kwanza, mtu aliyekaa kwenye mashine mama anamkatia umeme na kumrudishia. Ni haraka, lakini ni sawa na kumwamsha mtu kwa ndoo ya maji: kama kuna faili alikuwa ameishika mkononi, inaweza kuharibika. Ya pili, unaingia ndani ya mpangaji mwenyewe kwa paswedi yake, unaandika amri, naye anafunga kazi zake moja moja, anaweka kila kitu mahali pake, ndipo anazimika na kuamka tena. Bosi wetu aliitaka hii ya pili. "Mtoeni kwa heshima," ndivyo alivyokuwa akisema, kana kwamba tunamzungumzia mkwe.

Ubaya wa njia ya pili ni kwamba ukishapiga amri unatolewa nje na mlango unafungwa nyuma yako. Huoni kitu. Kama mpangaji hakuamka, au kama kwa bahati mbaya umeandika amri ya kuzima badala ya amri ya kuwasha upya, imekula kwako. Huwezi kuingia umwamshe, kwa sababu hakuna tena ndani pa kuingia. Lazima awepo mtu kule kwenye mashine mama wa kumwasha. Kwa hiyo tulikuwa na sheria moja: humgusi mpangaji kutoka ndani kabla hujamsikia mtu wa nje akikwambia yupo.

Mimi nilikuwa mtu wa ndani. Nilikaa ghorofa ya tano katikati ya Kariakoo, kwenye jengo ambalo lifti yake niliizoea ikiwa imekufa. Mtu wa nje alikaa kwenye chumba cha mashine, upande wa pili wa Mnazi Mmoja, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Na siku ya kazi hiyo ilikuwa Ijumaa wakati wa swala, kwa sababu huo ndio muda pekee maduka yanaposhusha milango ya chuma na hakuna anayegusa mashine. Bosi na vijana wote wa ofisi walikwenda msikitini. Tukabaki wawili wa kuwasha mashine: mimi Mkristo, na dada mmoja Mhindu.

Namwita dada kwa sababu amenizidi miaka michache. Ni Mhindu wa Dar, kazaliwa hapa hapa mjini, na Kiswahili chake kina kasi kuliko changu. Mwaka wa kwanza nilimwambia, kwa kutaka kumsifu, kwamba anakijua Kiswahili vizuri sana. Akanijibu, "Na wewe pia unajitahidi." Nikafyata mkia.

Simu zetu hazikuwa na mengi.

"Dada, upo?"

"Nipo."

"Namwasha upya wa vitenge."

"Mwashe."

Hapo nilipiga amri, kioo changu kikawa cheusi, na kilichobaki ni kusikiliza. Chini barabarani vile vipaza sauti vya wauza mashati vilikuwa vimezimwa, mikeka imetandikwa hadi katikati ya mtaa, Kariakoo nzima kimya, nasikia feni yangu ikilalamika. Na ndani ya sikio langu, njugu. Kra, kra. Kisha, "Kaamka. Mwingine nani?" Tulikwenda hivyo mpaka waliohitaji kuwashwa wiki hiyo, saba au wanane, waishe, naye akasema, "Haya kaka, Ijumaa njema," akakata.

Ni hayo tu. Nikikwambia kwamba kuanzia Jumatatu nilikuwa nayangoja hayo, utacheka. Cheka.

Mwaka ule ule wa kwanza nilikosea kweli. Mikono ilikuwa na haraka, nikampigia mpangaji mmoja amri ya kuzima. Dada akamwasha kutoka kwake, hakuna aliyejua, lakini alinisema kama mtoto, na kesho yake akaweka kizuizi ndani ya kila mpangaji. Ukitaka kuwasha upya, inakubali moja kwa moja. Ukitaka kuzima, inakuuliza: "Una hakika? Andika jina la mashine." Usipoandika jina lote sawasawa, haizimi. "Nimekuwekea komeo," akaniambia. "Watu wa haraka kama wewe dawa yao ndiyo hiyo."

Miaka ikapita. Tulionana ana kwa ana mara nne, labda tano, kwenye mikutano ya kampuni, na kila mara tuliona haya. Nilikuwa nimemzoea sikioni, si machoni.

Halafu bosi akanunua mtambo mpya. Ukiwa na mtambo huo, mtu mmoja anaona ndani na nje kwenye kioo kimoja: unapiga amri, mpangaji akigoma unabonyeza kitufe, basi. Bosi alinionyesha akiwa na furaha ya mtu aliyenunua gari. "Sasa huhitaji kumsumbua mtu," akasema. Nikauliza, na dada je? "Dada anastaafu. Mwenyewe amefurahi, anataka kupumzika." Nikasema hongera. Hongera! Mdomo wangu huu!

Ijumaa ya mwisho nilipanga maneno. Nilijiambia nitamshukuru, nitamwambia kwamba simu zile zilikuwa na maana kwangu. Hata niliyaandika kwenye karatasi. Tukamaliza wapangaji wote, akasema, "Kaka, ndiyo hivyo tena," nami nikaishika ile karatasi, nikasema, "Haya, asante." Akangoja kidogo. Nilimsikia akingoja. Kisha akasema, "Haya," akakata. Ile karatasi nilifutia meza.

Ijumaa zilizofuata niliwawasha wapangaji mwenyewe. Vijana wanakwenda msikitini, vipaza sauti vinazimwa, nabonyeza, naangalia taa ya kijani. Hakuna aliyeniambia kaamka; niliona mwenyewe kuwa kaamka. Mara ya kwanza niliuliza kwa sauti, "Upo?" nikajicheka. Mara ya tatu sikujicheka. Nilianza kula chakula changu muda ule ule ili nisiwe na mikono mitupu, na hata chakula kikawa hakina ladha. Upweke nilikuwa nimeuzoea, nauvaa kama shati la kazi. Nisichokizoea ni kuwa nao saa ile.

Namba yake nilikuwa nayo. Usiniulize kwa nini sikupiga. Ningempigia nimwambie nini? Mtu amestaafu, amepumzika, ghafla mwanaume anampigia simu, "upo?" Upo kwa ajili gani? Sikuwa na mashine ya kumtajia.

Isipokuwa moja. Ile ya bibi wa khanga.

Bibi huyu ana duka la jumla la khanga hapo Kariakoo, wao ni Waarabu wa hapa hapa, duka la tangu enzi za baba mkwe wake. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akichora khanga zao kwa mkono: pindo, mji, na jina la chini. Michoro mamia. Miaka sita iliyopita niliipiga picha yote na kuiingiza ndani ya mashine yake mimi mwenyewe, karatasi moja moja, siku kumi na mbili, bibi akiniletea kahawa na kunihadithia kila mchoro ulitoka lini na uligombaniwa vipi. Mwaka uliofuata bomba la ghorofa ya juu likapasuka, maji yakaingia stoo, karatasi zote zikawa uji. Kwa hiyo michoro ya marehemu ilikuwa ndani ya yule mpangaji, basi. Hakuna pengine.

Bibi alikataa kuhamishiwa mtambo mpya. "Mkiihamisha mtaipoteza," akasema, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Bosi akaahidi kwamba siku ya kuhama itafanywa nakala mbele ya macho yake, na siku hiyo ikawa inasogezwa kila wiki. Mpangaji huyo akabaki peke yake kwenye mashine mama ya zamani, ndani ya kile chumba cha Mnazi Mmoja ambacho sasa kilifungwa. Ufunguo mmoja alikuwa nao bosi. Wa pili alibaki nao dada, pamoja na paswedi ya mashine mama, aliyokuwa akiijua yeye tu, kwa makubaliano kwamba likitokea la kutokea apigiwe.

Unaona sasa ninakoelekea.

Ijumaa ile bibi alinipigia asubuhi. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Mashine inajikokota, na kesho asubuhi nina mchoro wa kupeleka kiwandani, khanga za harusi." Nikamwambia asubiri swala, nitaiwasha upya kutoka ndani, dakika tatu tu. Akaniombea dua.

Saa saba na kidogo niliingia ndani ya mpangaji wa bibi kwa paswedi yake. Vipaza sauti vikazimwa. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kibodi, na amri ya kuwasha upya nilikwishaiandika nusu. Nikaifuta. Nikaandika amri ya kuzima. Ikaniuliza, "Una hakika? Andika jina la mashine." Nikaandika jina lote, pole pole, herufi baada ya herufi, nikabonyeza.

Ningependa kusema sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilijua. Nilijihesabia kwamba kuzima si kuharibu, kwamba dada atafika, ataiwasha, dakika kumi zote. Niliwaza mpaka sauti nitakayoitumia: ya mtu aliyeshtuka.

Nikapiga. Akapokea mlio wa pili.

"Dada, upo?"

"Kaka? Nipo. Kuna nini?"

"Wa khanga amezimika. Sijui imekuwaje."

"Yule mwenye michoro? Mungu wangu! Nakwenda sasa hivi."

Sikuwa nimefikiria kwamba ataogopa. Niliteremka ghorofa tano mbio mbio, nikapita kando ya mikeka na viatu vya watu wanaosali, nikakata Mnazi Mmoja jua la saa saba likinichoma utosi. Nilipofika, yeye alikuwa ameshuka kwenye bajaji, ufunguo mkononi, amevaa ndala za nyumbani, hajabadilisha hata nguo. Mimi ndiye niliyemtoa mtu mezani kwake namna ile.

Chumba kilikuwa na vumbi na joto, kiyoyozi kilikwishaondolewa. Akakaa kwenye kiti chake cha zamani, akaandika paswedi, akamwasha mpangaji.

Hakuamka.

Akajaribu tena. Kioo kikaandika mistari mitatu kikasimama. "Diski," akasema kwa sauti ndogo. "Diski ya zamani hii, imekaa na joto. Mpangaji wake wa mwisho alipozimika nayo ikasimama, na haikuwahi kusimama miaka mingi. Vitu kama hivi ukivizima ndipo vinapokufa."

Hili nilikuwa nalijua pia, kila fundi analijua: mashine kuukuu usiizime kama huna sababu. Mimi sababu yangu ilikuwa ipi? Njugu.

Akaanzisha ukaguzi wa diski. Namba ndogo ikatokea pembeni: moja kwa mia. Tukakaa kuiangalia. Mbili kwa mia. Simu yangu ikalia, bibi. "Mwanangu, bado tu?" Nikamwambia bado kidogo, tunaikagua. "Michoro ipo lakini?" Nikasema ipo, bibi. Baada ya robo saa akapiga tena, sauti imebadilika. Safari hii dada akaninyang'anya simu, akaongea naye kwa upole, akamwambia yeye mwenyewe amekaa mbele ya mashine na haondoki. Mara ya tatu bibi hakuuliza kitu. Alisema tu, "Mwandiko wake umo humo," akakata.

Ukaguzi ule ulichukua saa moja na nusu. Na hapa ndipo penye aibu yangu kubwa kuliko zote, nayo naisema wazi: ilikuwa saa moja na nusu nzuri. Tuliongea. Alinieleza kwamba kustaafu ni kubaya, kwamba nyumbani kwa kaka yake wote wanatoka asubuhi, wanarudi usiku, na yeye anabaki na televisheni. Nikamwambia kuhusu chumba changu. Akauliza nani ananipikia, nikasema mama ntilie, akasema ndiyo maana umekonda kama mwiko. Alitoa njugu kwenye mkoba, tukala pamoja, na ile sauti niliyoizoea sikioni nikaisikia pembeni yangu, yenye mwenyewe. Na kila tulipocheka nilikumbuka yule mwanamke mzima aliyekaa dukani Kariakoo akingoja kuambiwa kama mwandiko wa mumewe bado upo, nikaacha kucheka.

Themanini kwa mia. Tisini na nne. Ikasimama tisini na saba kwa muda mrefu mpaka dada akaacha kutafuna. Kisha ikamalizika, mistari ikaanza kushuka, jina la mashine likatokea.

"Kaamka," akasema.

Nilitoka nje nikalia. Akaniacha. Niliporudi alikuwa ameshaanza kutoa nakala, moja kwenye diski ya nje, nyingine kwenye flashi. Alikuwa anasoma kitu kwenye kioo, akakifunga niliposogea. Sikujali, nilikuwa nimechoka.

Jioni ile nilimpelekea bibi flashi dukani. Akaifungua palepale, akaangalia mchoro mmoja, wa pili, wa tatu, akashika mdomo wake. Kisha akaenda rafuni akashusha doti moja la khanga, jipya, halijakatwa, akaniwekea mikononi. "Mchoro wake huu. Mpelekee mama watoto."

Unasema nini hapo? Nilisema asante bibi, Mungu akuweke. Nikapita Kariakoo nzima na doti kwapani, watu wakinipigia kelele, "Kaka, unamkumbuka shemeji leo!" Doti ni kitu cha kumpa mwanamke wako: mkeo, mama yako, dada yako. Nilipofika Jangwani nilisimama nikageuka nyuma.

Kwa dada sikuwahi kufika kabla ya jioni ile, ila jengo alikuwa amenitajia mchana. Ghorofa ya tatu, jengo la zamani mjini, viatu vimepangwa mlangoni. Alifungua mwenyewe. Hakushangaa, au hakuonyesha. "Karibu. Vua viatu." Nyumbani alikuwa peke yake, kama alivyosema. Akaniletea chai ya maziwa yenye tangawizi. Nikamkabidhi lile doti, nikamwambia limetoka kwa bibi na mimi sina wa kumpa.

Akalikunjua mezani. Rangi ya zambarau na nyeupe, pindo la korosho. Akasoma jina kwa sauti: "USINIONE KIMYA, NINA YANGU MOYONI." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Kaka, bibi kakuchagulia wewe hii!" Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza siku ile bila kujikatiza.

Akaenda kuchukua mkasi. Akalikata doti katikati, pale vipande viwili vinapoungana, kama wafanyavyo wanawake marafiki walioshibana, mmoja kipande chake na mwenzake chake. Akakunja cha kwanza akakiweka upande wake. Akawa anakunja cha pili, na macho yake yakiwa kwenye kitambaa, akasema:

"Hukukosea."

Nikaweka kikombe chini.

"Mashine inaandika kila kitu, unajua. Komeo lile niliweka mimi. Imekuuliza una hakika, ukaandika jina lote. Hata herufi moja hukukosea, wewe ambaye kila siku unakosea."

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni. "Nisamehe, dada," nikasema.

"Mimi si wa kukusamehe. Utamwambia bibi mwenyewe, mimi sitakusemea." Akamaliza kukunja. Akakibana kile kipande mezani kwa viganja vyote viwili, na hapo ndipo nilipojua kwamba amekasirika. "Ulitaka kuua kazi ya marehemu kwa ajili ya nini? Sema, nisikie kwa mdomo wako."

"Nilitaka useme nipo."

Chini mtaani muuza ndizi alipita akinadi, akaishilia. Kisha akanisukumia kile kipande cha khanga juu ya meza, akanitazama, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mjinga wewe," akasema. "Si ungepiga tu simu?"

Jumatatu nilikwenda kwa bibi nikamweleza, si yote, lakini lile la kuzima kwa makusudi nilimweleza. Alinisema hadi nikatamani ardhi ipasuke, wateja wanasikia, wachukuzi wamesimama na mizigo kichwani. Khanga hakuidai. Alipochoka kunisema aliniagizia kahawa, tukainywa pamoja. Mashine yake ikahamishwa wiki ile ile, naye amekaa kando yangu anahesabu michoro.

Kile kipande changu najifunika usiku. Mwanaume kujifunika khanga chumbani kwake si ajabu, na hata ingekuwa ajabu, nani ananiona?

Ijumaa iliyofuata vijana walikwenda msikitini kama kawaida. Niliwasha upya wapangaji wote kwa kitufe changu kipya, taa za kijani zikawaka, kazi ikaisha. Vipaza sauti vimezimwa, feni inalalamika. Nikachukua simu. Nilikaa nayo mkononi dakika tano nzima, mtu mzima mimi, jasho linanitoka.

"Dada, upo?"

"Nipo," akasema. Njugu. "Unawasha nani leo?"

"Hakuna. Nimeshamaliza."

"Haya," akasema, akangoja. Safari hii hakukata. "Sema, basi."

Nikamwambia nimekula wali na maharage. Akauliza kama maharage yalikuwa na nazi.